Mji wa Mshono

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya kusini, akiisha kuipita Mkuranga na mikorosho yake, hufika Kibiti, mahali ambapo nchi imeinuka kidogo kana kwamba yataka kuutazama mto. Na kabla hajateremka kwenda Ikwiriri na Daraja la Mkapa, ambalo tangu mwaka 2003 limewaondolea watu adha ya kungoja kivuko, huwa amekwisha kuikanyaga nchi ya vilima ambavyo udongo wake umetoa vitu vidogo mfano wa punje za mtama, vilivyolala humo muda unaokaribia miaka elfu mbili. Vitu hivyo ni shanga za kioo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichimbua mahali paitwapo Mkukutu, na mwaka 1999 akawatangazia wanazuoni wenziwe ya kwamba ni kazi ya mafundi wa dola ya Kirumi, na ya kwamba sasa umepatikana ushahidi wa kushikika mkononi unaoifunga nchi ya Rufiji na kitabu cha Kiyunani kilichoandikwa katikati ya karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa.

Katika kitabu hicho mna neno moja linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko mengine yote, nalo ni Rhapta. Wengi wamelitafuta neno hili ardhini, kwa majembe na kwa ramani, wakitaka kujua mji wenye jina hilo ulisimama wapi. Mimi leo napenda kulitafuta kwanza ndani ya lugha iliyolizaa, kwa kuwa nimesadiki ya kwamba aliyeuita mji huo hivyo aliutaja kwa kazi ya mikono aliyoiona ikifanyika ufukweni pake, na ya kuwa mwenye kuifahamu kazi hiyo yu karibu na Rhapta kuliko yule mwenye kusimama juu ya magofu asijue wenyewe walikuwa wakifanya nini.

Kitabu chenyewe huitwa Periplo ya Bahari ya Eritrea, na periplo kwa Kiyunani ni safari ya chombo kinachoiambaa pwani bandari kwa bandari. Mwandishi wake hakuacha jina. Dhahiri alikuwa mfanyabiashara wa Kiyunani akaaye Misri, mtu wa hesabu na bidhaa, asiye na maneno mengi, ajuaye pepo za msimu na tabia za maliwali. Na maandishi yake yangalipotea kama yalivyopotea ya wengi, lau si nakala moja ya karne ya kumi iliyomo hata sasa katika maktaba ya Heidelberg, Ujerumani, na lau si wapiga chapa wa Basel waliokitoa kitabu hicho kwa mara ya kwanza mwaka 1533. Pwani yetu aiita Azania, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku kwa ajili ya shule na kanisa pasipo kuukumbuka umri wake. Avihesabu vituo vyake kimoja baada ya kimoja, afika kwenye kisiwa akiitacho Menouthias, kisha asema kwamba mwendo wa siku mbili mbele ya kisiwa hicho iko bandari ya mwisho kabisa ya Azania, nayo yaitwa Rhapta kwa sababu ya vile vyombo vidogo vya kushonwa alivyokwisha kuvitaja, na huko pembe za ndovu na magamba ya kasa ni tele.

Hapo bandari kubwa ya kusini ikaingia katika maandishi ya walimwengu kwa jina la mshono.

Basi na tuushike uzi. Katika Kiyunani cha kale rhapto ni nashona, rhaptos ni kilichoshonwa, rhaphe ni mshono, na rhaphis ni sindano. Na hata leo mtu akienda Athens kumtafuta fundi cherehani atamwita raftis, akaeleweka. Wasomaji wa Injili wamelipitia neno hili mara nyingi wasilitambue, kwani katika ule mfano mashuhuri wa ngamia na tundu la sindano, Mathayo na Marko wameandika rhaphis, ilhali Luka alichagua neno jingine. Na sisi wasomaji wa Kurani twakutana na ngamia na tundu la sindano katika sura ya Al-A'raf. Kitu kidogo namna hii, kijiti cha chuma chenye jicho moja, kimebebeshwa maana nzito na kila taifa lililokishika.

Hatima ya neno hili katika vinywa vya Wayunani wenyewe ilikuwa ya kushuka na kupanda. Katika Odyssey ya Homer, Odysseus arejeapo kwao baada ya miaka 20 ya vita na kutangatanga, amkuta babaye, mzee Laertes, katika shamba la miti, amevaa vazi chafu lililo rhaptos, yaani la viraka, na miguuni amejifunga vipande vya ngozi ya ng'ombe vilivyoshonwa ili miiba isimchune. Hapo mshono ni alama ya mtu mkubwa aliyeijua fakhari akaiacha kwa huzuni ya mwanawe. Katika Iliad neno hilo hilo limo kinywani mwa Hera, mke wa Zeus, naye anenapo habari za kuwashonea maovu watu wa Troy, maana yake ni ile tuikusudiayo sisi tukisema fulani anasuka njama. Na Herodotus, baba wa tarikhi kama wamwitavyo, amesimulia jinsi Artaphrenes, liwali wa Kiajemi mjini Sardis, alivyomkabili Myunani mmoja, Histiaeus, uso kwa uso akamwambia kuwa uasi wa Wayunani uliotokea ni kiatu, na ya kuwa mshonaji wa kiatu hicho ni yeye, hata kama aliyekivaa ni mwingine. Nimeusoma mfano huo mara nyingi na kila mara naona kwamba ungaliweza kusemwa barazani Kilwa au Mafia, na kila aliyekaa pale angalijua nani ametajwa.

Ila neno halikubaki katika viraka na fitina. Wayunani walikuwa na watu waliozunguka miji na sherehe zao wakighani tendi za Homer mbele ya hadhara, fimbo mkononi, na mtu wa namna hiyo walimwita rhapsodos, mshona nyimbo. Na Pindar, mshairi wa karne ya tano kabla ya Isa, alilifumua jina hilo katika utungo wake mmoja, akaonyesha ya kuwa kazi ya watu hao ni kuyashona maneno. Hapa Mswahili hahitaji mkalimani. Sisi twasema kutunga, na asili ya kutunga ni kupitisha uzi katika shanga, au kamba katika matamvua ya samaki ukapata mtungo. Na Waarabu waliotupa neno nadhimu walilitwaa katika kazi ya kuzipanga lulu uzini. Lugha tatu zisizo ndugu zimemtazama mshairi, zikamwona ameinama na uzi mkononi. Lakini Mwarabu na Mswahili walikitazama kitu kizuri kimoja kimoja kikifuatana, na Myunani alizitazama kingo mbili zilizotengana zikivutwa hata zikawa kitu kimoja kisichopitisha maji. Nami nadhani kwa utenzi mrefu, ambao kina chake cha mwisho hurudi katika kila ubeti kama kamba irudivyo katika kila tundu la ubao, picha ya Myunani ndiyo iliyo sahihi zaidi, hata kama neno letu ndilo lililo tamu.

Kuna jambo jingine, nalo mimi naliona kuwa ndilo la ajabu kupita yote. Huyu mfanyabiashara wa Misri, aliyeviona vyombo vya Azania akaona mshono wake ni jambo geni la kutosha kuuita mji, alikuwa anatazama hila ya useremala ambayo wahenga wake mwenyewe walikuwa nayo wakaiacha. Aeschylus, katika tamthilia yake ya wanawake wakimbizi, amekitaja chombo kilichowavusha bahari kuwa ni kitu kilichoshonwa kwa kitani. Mjini Marseille, uliojengwa na Wayunani, yalifukuliwa mabaki ya mashua ya karne ya sita kabla ya Isa ambayo mbao zake ziliunganishwa kwa uzi. Na huko huko Misri, mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza, ilifunuliwa mashua ya Farao Khufu iliyolala shimoni miaka zaidi ya 4,500, mbao zake zimefungwa kwa kamba zinazopita ndani kwa ndani. Kufikia zama za Periplo, mafundi wa Bahari ya Kati walikuwa wakiunganisha mbao zao kwa ndimi za mti zilizozamishwa matunduni na kukazwa kwa vigingi, na mshono umekuwa kwao habari ya watu wa mbali. Mtu husahau kazi ya babu yake kwa vizazi vichache tu, kisha akiikuta kwa jirani huistaajabia.

Ama sisi twamlaumu mwandishi huyu kwa jambo moja. Afikapo katika kueleza bandari ya Omana, upande wa Ghuba, avitaja vyombo vya kushonwa vya watu wa huko na jina lao wenyewe aliliandika, kuwa vyaitwa madarata, nalo ni jina ambalo wanazuoni wamelitambua kuwa la Kiarabu. Alipofika kwetu hakuandika ila Kiyunani chake. Wajenzi wa Rhapta walikuwa na neno la chombo chao, na neno la mji wao, na pengine yalikuwa neno moja. Mgeni aliyasikia, akayafasiri kichwani, na kalamu ikaandika tafsiri. Neno moja lao lingalitufaa leo kuliko shanga mia.

Chombo cha kushonwa hufanywaje? Huanza kwa nazi. Makumbi huvuliwa, yakafukiwa katika tope la pwani au shimoni, yakakaa miezi mingi hata nyama yake ikaoza na nyuzi zikabaki. Kisha hufukuliwa yakinuka harufu ambayo aliyeinusa haisahau, yakapigwa kwa mti, yakaoshwa, na usumba ukasokotwa kwa viganja na paja hadi ukawa kamba. Fundi huzilaza mbao mbili ukingo kwa ukingo, akazitoboa kwa kekee matundu yanayotazamana, akaweka juu ya kiungo kitita cha nyuzi za makumbi, akaipitisha kamba kutoka tundu hadi tundu, huku mwenziwe upande wa pili akiivuta kwa mti hata ubao ulie; kila tundu huzibwa kwa kijiti ili kamba isirudi na maji yasipite. Hapana msumari hata mmoja. Chombo kilichokamilika hulegea kidogo baharini, kikalipokea wimbi kama mwili ulipokeavyo, na kikitupwa juu ya mchanga hakipasuki kwa wepesi kama kilichopigiliwa. Ubaya wake ni kuwa huvuja, na ubaharia wa chombo hicho ulikuwa nusu yake kutanga na nusu yake kukumba maji.

Katika pwani yetu ya Kiswahili chombo cha namna hii kilichoishi mpaka zama za kujulikana vema ni mtepe wa upande wa Lamu, uliojengwa Pate, Faza na Siyu, wenye tanga moja la mkeka lililokaa mraba, na shingo ya omo iliyochongwa kwa mfano wa kichwa cha ngamia, ambaye wenyewe walisema ni ngamia wa Mtume. Mitepe ilichukua boriti za mikoko pwani kwa pwani, na ilikwisha kutoweka kabla ya katikati ya karne ya ishirini. Huko Zanzibar uliundwa mmoja wa mfano mwanzoni mwa karne hii, ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Waomani nao wamerudia kushona: mwaka 1980 jahazi liitwalo Sohar lilitweka kutoka Muscat hata likafika Guangzhou mwaka uliofuata, na mwaka 2010 Jewel of Muscat likafika Singapore, yote mawili pasipo msumari katika mbao zake. Natamani siku moja kazi hiyo ifanywe katika delta ya Rufiji, ambako mikoko na nazi vingalipo.

Turudi Rhapta. Mwandishi wetu ameziorodhesha bidhaa zilizopelekwa kuuzwa huko, na orodha yake yafaa kusomwa polepole: mikuki iliyofuliwa makusudi Muza, bandari ya Yemen; mashoka; visu; aina kadhaa za vioo; na vyuma vidogo vidogo vya kutobolea, ambavyo kwa Kiyunani ameviita opetia, kile chombo mshona viatu akiitacho msharasi. Mashoka ni ya kukata mti, misharasi ni ya kutoboa. Siwezi kuisoma orodha hiyo nisimwone fundi wa pwani akichagua chuma kwa ajili ya mbao zake. Husemwa aghalabu ya kwamba watu wa pwani walishona kwa kuwa hawakuwa na chuma, na hoja hiyo hata mwanatarikhi Procopius wa karne ya sita aliigusa alipokuwa akiukanusha uvumi wa kuwa baharini kuna majabali ya sumaku yanayong'oa misumari. Kwa upande wetu hoja hiyo haisimami. Chuma kilikuwako. Kililetwa kutoka Muza, na nchi hii yenyewe ya nyuma ya pwani, kuanzia Kisiju hata Rufiji, imejaa mabaki ya tanuri na mavi ya chuma ya wahunzi wa zama hizo hizo, waliokaa mahali kama Limbo. Walioshona walikuwa na chuma, wakakitumia kutoboa.

Pembe za Rhapta zilikuwa nyingi, asema, ingawa si nzuri kama zile za bandari ya Adulis. Na pamoja nazo zilitoka pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mji ulikuwa chini ya liwali wa nchi ya Ma'afir huko Yemen kwa haki ya kale, na watu wa Muza waliukodi kwa kulipa ushuru, wakipeleka vyombo vyenye manahodha na mawakala wa Kiarabu ambao, kwa kuzoeana na wenyeji na kuoana nao, waliijua pwani na lugha yake. Sentensi hiyo moja juu ya ndoa na lugha, iliyoandikwa na mfanyabiashara asiyekusudia kuwa mwanatarikhi, ina historia yetu ya miaka elfu iliyofuata.

Na kile kisiwa cha Menouthias? Asema ni tambarare, chenye miti mingi na mito, na ndege wa kila aina, na mamba wasiodhuru watu. Huko nako mna vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, ambayo kwayo wenyeji huvua samaki na kukamata kasa. Na wana namna yao ya kuvua, kwa vikapu vilivyosukwa, ambavyo huvitega mahali pa nyavu katika midomo ya vijito. Wanazuoni wamegawanyika kati ya Pemba, Unguja na Mafia. Mtu aliyewahi kukaa na wavuvi wa Msala au Kiomboni maji yakikupwa, akaona dema zikiinuliwa na nyua za fito zikisimama katika mdomo wa kijito zikimngoja samaki ashukapo na maji, hatauliza mwandishi alikuwa anaeleza nini. Ataona tu ya kuwa alisimama mahali palepale akatazama.

Baada ya karne moja hivi jina lilikuwa limekua. Claudius Ptolemy wa Alexandria, aandikaye jiografia yake karibu na mwaka 150, aitaja Rhapta kuwa mji mkuu, umejitenga kidogo na bahari, kando ya mto uitwao Rhaptos, karibu na rasi iitwayo Rhapton. Limekuwa kama fundo la uzi: mshono uliipa mashua sifa, mashua ikaupa mji jina, na mto na rasi vikalirithi, hata ikawa maji yenyewe yaitwa yaliyoshonwa. Na ni mto huo uliowapeleka wengi Rufiji. Wengine walikwenda Pangani, wengine Dar es Salaam, wengine Kilwa, wengine mdomo wa Tana. Lakini mto mkubwa kuliko yote ya pwani yetu ni Rufiji, na mji uliojitenga kidogo na bahari kando ya mto ni jambo linalokubaliana na vilima vya Kibiti. Wako waliovutwa na mlio wa majina, Rhapta na Rufiji, kama walivyokuwako waliovutwa na rabata ya Kiarabu, yaani kufunga, iliyotupa robota. Mlio pekee si hoja, na mimi siuweki katika mizani. Shanga za Mkukutu naziweka. Mji wenyewe, ikiwa ulikuwa wa miti na makuti na udongo katika nchi ambayo mto wake hubadili matawi na kufukia kingo zake, usingaliacha ukuta wa kutazamwa.

Baada ya hapo vyombo vya kushonwa viliendelea kuonwa na wasafiri, hata mbali na pwani yetu. Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, na Marco Polo, aliyepita Hormuz karne moja baadaye, wote wawili walivitazama vyombo vya kamba za nazi, wa kwanza kwa utulivu wa mtu aelezaye, wa pili kwa hofu ya mtu atakiwaye kupanda. Delta hii nayo imeona vyombo vya kila namna. Wajerumani waliuweka msitu wa mikoko wa Rufiji chini ya serikali mwaka 1898, na boriti zake zikaendelea kwenda Arabuni, ambako zilibeba dari za nyumba za Ghuba. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi katika msimu wa 1938 hadi 1939, aliingia katika delta hii kupakia boriti, na ameandika juu ya tope, mbu na jasho la mabaharia. Bumu lile lilikuwa la misumari. Hata manowari ya Wajerumani Königsberg ilikuja kufia humu Julai 1915, tani elfu tatu na zaidi za chuma kilichopigiliwa kwa ribiti, na mto ukaimeza kwa tope kama unavyomeza gogo.

Neno letu nalo liliendelea kusafiri bila sisi. Wanamuziki wa Ulaya walilichukua kutoka kwa rhapsodos wakaliita rapsodia utungo usiofungwa na kanuni, unaoruka kutoka sauti hadi sauti. Liszt alitunga 19 za Kihangaria, na mwaka 1924 Gershwin akaileta New York. Madaktari walilichukua kutoka kwa rhaphe, na hata leo mpasuaji aliyeishona ngiri ya mvuvi ataandika katika cheti chake neno la herniorafi, asijue kuwa ameandika neno la mji wa mvuvi huyo. Wataalamu wa mimea nao waliziita rafidi zile fuwele za ncha kali zilizomo ndani ya gimbi, zinazomwasha mdomo alaye gimbi lisiloiva vizuri: visindano, na jina ni lile lile la ngamia wa Mathayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Nyamisati nikingoja boti ya Kilindoni, na maji yalikuwa bado hayajajaa. Kivulini, chini ya mwembe, alikaa bibi mmoja na mkeka wake mapajani, akizishona kili zake. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Alikuwa ameusuka ukindu vipande virefu vyembamba, vingine vyeupe, vingine vimetiwa rangi ya zambarau, na sasa alikuwa anaviunganisha ukingo kwa ukingo kwa shazia ndefu. Aliipenyeza ndani ya msuko wa kipande hiki, akaitokeza ndani ya msuko wa kile, akavuta, na pale palipokuwa na vipande viwili nikaona kimoja. Nilimuuliza kwa nini uzi hauonekani.

"Ukionekana utakatika, mjukuu wangu," alisema. "Nyayo zitaula."

Nikamwambia kuwa zamani sana palikuwa na mgeni aliyepita pwani hii akaandika kuwa watu wake wanashona mbao za vyombo kama yeye ashonavyo mkeka. Aliinua macho akatazama kijito, ambako ngalawa mbili zilikuwa zimekaa juu ya tope zikingoja maji kama mimi.

"Na tanga lao?" akauliza.

"La mkeka," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jamaa. Kisha akailamba ncha ya uzi, akalitafuta tundu la shazia kwa kidole kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, na nilipokuwa namtazama zilinijia zile shanga za Mkukutu, ambazo kioo chake kingalipo na tundu lake liko wazi, na uzi uliozitunga ulikwisha kuoza kabla ya baba zetu kupata majina. Alipolipata tundu akaupitisha, akaukaza, akaendelea.